Ngano Haikuwa Sahanini

Kama daktari amekuambia uache ngano, nawe umeiacha, na bado unakonda, basi haya nayaandika kwa ajili yako. Wengine mnaweza kusoma pia, hamkatazwi. Lakini niliyemkusudia ni yule aliyelala kitandani sasa hivi akijiuliza amekosea wapi, huku watu wa mume wake wakiulizana jambo hilohilo kwa sauti ya chini upande wa pili wa ukuta.

Nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya kanisa pale Ruiru, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mume wangu Kamau alikuwa karani kwenye ghala la unga mjini Thika. Alienda na gari moshi la asubuhi na kurudi na la jioni, na kila alipovua koti sakafu ilibaki na vumbi jeupe. Tuliishi na mama yake, mjane aliyeitwa Rahabu, mwanamke wa wokovu ambaye hata kuku wake walijua saa ya maombi. Nilimwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kama mwanawe alivyomwita. Nataka mjue mapema kwamba mama huyu alinipenda. Msipolishika hilo, hamtaelewa chochote katika maneno yangu.

Ugonjwa ulinianza tumboni mwaka ule ule niliofunga ndoa. Chakula kilipita kama kwamba tumbo langu ni njia tu. Nilikonda mpaka pete ikawa inavuka fundo la kidole yenyewe, nikaifungia uzi. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Viwiko na magoti vikaota vipele vilivyowasha hata nikajikuna kwa gunzi la hindi, midomo ikapasuka kwenye pembe, na uso ukawa na mabaka, hapa rangi ya majivu, pale nyeusi. Watoto darasani walikuwa wanakodolea mdomo wangu badala ya ubao.

Vijiji vya Hali ya Hatari, ambamo serikali ya wakoloni ilitufungia, vilikuwa vimeanza kufunguka, lakini miaka ile ilikuwa imetuachia tabia mbaya. Tulizoea kumtazama jirani usoni, halafu mikononi, tukijiuliza amefanya nini. Kwa hiyo mimi nilitazamwa. Wengine walisema ni ukoma. Wengine walisema ni laana ya marehemu baba mkwe, kwamba hataki jina la mke wake lizaliwe tumboni mwangu. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa mume, na jina la nyumbani la Maitu lilikuwa Nyambura. Kila mimba ilipotoka, watu walimpa pole yeye kana kwamba ni yeye aliyekufa. Naye aliitikia pole hizo, akarudi nyumbani, akanichemshia uji.

Hospitali ya misheni ilikuwa mbele ya Thika, kwa basi, na ukishuka unapanda kilima kwa miguu. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi marefu na harufu kali ya dawa ya sakafu. Nilipokaa, wanawake walisogea. Hawakusogea kwa matusi, walisogea polepole, mmoja akimvuta mtoto, mwingine akikumbuka kwamba jua linampiga, hata benchi lote likawa langu. Siku moja nililala juu yake. Nilijiambia, heri ugonjwa unaokupa kitanda.

Nilichomwa sindano za kuongeza damu, na nyingine za maji ya ini la ng'ombe. Nilikunywa dawa za minyoo mpaka nikawaonea minyoo huruma. Halafu, wakati wa kuchuma kahawa, akaja daktari mpya kutoka Ulaya, kijana mwenye masikio mekundu. Aliwahi kuona watoto wenye tumbo kama langu kwao. Alinipapasa, akaniuliza ninakula nini, na nesi Eunisi, mwanamke wa Murang'a asiye na mzaha, akatafsiri.

"Anasema ni ngano," nesi akaniambia. "Mkate, chapati, mandazi, biskuti. Na shayiri. Acha zote."

"Mpaka lini?"

Wakasemezana. "Anasema mpaka ufe," nesi akasema. "Lakini ukiacha, hiyo kufa itakuwa mbali."

Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina, siliaki. Akaeleza kwamba kuna kitu ndani ya ngano, kile kinachofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika, na kwamba tumbo langu linakiona adui. Mahindi hayana. Viazi, ndizi, maharagwe, mtama, kula. Nilitoka pale nikicheka peke yangu barabarani. Mume wangu analetewa mshahara na ngano, na ngano inaniua.

Nikaacha. Maitu aliilinda sheria ile kuliko mimi. Aliosha sufuria zote kwa majivu, akakataza mandazi ya kanisa yasivuke mlango wetu. Mpaka kahawa ilipotoa maua, na mashamba ya Ruiru yakawa meupe na kunukia, tumbo lilikuwa limetulia. Pete ikakaa bila uzi. Nikapata mimba ya tatu.

Daktari hakufurahi nilivyotegemea. Alinikazia macho, nesi Eunisi akayaweka maneno yake wazi. "Anasema, ukirudia ngano na hii mimba, yeye hakuahidi mtoto. Na wewe mwenyewe hakuahidi."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo shimo lilipochimbwa.

Ghalani kila karani alipewa mfuko mdogo wa unga wa ngano mwisho wa mwezi. Hakuruhusiwa kuuza, maana mfuko ulikuwa na mhuri wa ghala na waliouza walifukuzwa. Kuukataa nako kulionekana kiburi. Kwa hiyo unga uliendelea kuja katika nyumba isiyokula unga. Maitu aliugawa kidogo kwa wenzake wa kanisa. Lakini alikuwa ameona watu wakilala njaa ndani ya uzio wa kijiji cha Hali ya Hatari, watoto wakilamba sufuria zilizokwisha kulambwa, na kwake yeye kumwaga unga kulikuwa dhambi isiyo na jina. Uliobakia ulikokwenda sikuuliza. Nani huuliza unga uliotoka jikoni umekwenda wapi?

Nami nilikuwa na shida yangu nyingine. Tumbo lilikuwa limepona kabla ya uso. Mabaka yalibaki, pembe za mdomo zilikuwa bado zinavuja, na darasa lilinisubiri kila asubuhi. Rangi ya mdomo kanisani kwetu ilikuwa ya Yezebeli, ila poda iliruhusiwa, na mafuta ya uso pia, Mungu anajua mpaka huo ulichorwa na nani. Kamau aliniletea kopo la poda kutoka duka la Thika. Nilijipaka nene. Na Maitu akanitengenezea mafuta ya kondoo ya mikono na midomo, meupe, mazito, yenye harufu ya sabuni ya wageni. Alikuwa fundi wa mafuta hayo, na wanawake wa kanisa walimsifia.

Mvua ndefu zikaja, zikaisha. Lile kopo la poda halikuisha. Nilidhani Kamau ananunua jingine na kumiminia humo. Yeye alidhani nanunua mimi.

Mwezi wa saba ukaingia na baridi yake. Ruiru mwezi wa saba ukungu hukaa mpaka saa nne, na midomo ya watu wazima hupasuka, sembuse yangu. Nikawa nayapaka yale mafuta asubuhi, mchana, jioni, nikijilamba na kupaka tena. Ndipo tumbo likaanza kunguruma. Mwanzoni nilikataa kulisikia. Halafu vipele vikarudi kwenye viwiko. Pete ikaanza kutembea.

Mtoto alikuwa ameanza kucheza, na nilikuwa nimezoea pigo lake dogo chini ya kitovu nikisahihisha madaftari. Wiki ile likawa linakuja kwa nadra. Nilikaa nikingoja, kalamu mkononi. Niliogopa. Sikuwahi kuogopa hivyo kabla ya hapo, hata askari walipokuwa wanapiga milango.

Hospitalini daktari aliniweka kwenye mizani akaweka kalamu chini. Hakuhitaji mkalimani kwa uso ule. Nesi Eunisi alinivuta kando.

"Wanjiru, sema ukweli tu. Ulikula nini? Hakuna mtu atakuchapa."

"Sijakula ngano."

"Hata kidogo? Hata harusini? Mimba inatamani vitu."

"Sijakula."

Alinipigapiga begani, na nikajua hakuniamini. Nyumbani ilikuwa vilevile. Kamau, ambaye hajawahi kuniinulia sauti, alianza kunisalimia kwa kuukaribia mdomo wangu na kuvuta pumzi. Alifungua dawati langu shuleni aone kama nimeficha mkate. Nilimkuta. Tulitazamana juu ya chaki na madaftari, na sikuwa na hasira naye. Nilikuwa nimeanza kujishuku mwenyewe, nikiwaza labda naamka usingizini na kula.

Maitu alifunga kula akaomba. Na kwa vile nilikuwa nimelegea, alianza kunipaka mwenyewe. Kila asubuhi alinikalisha kitini karibu na moto, akanishika kidevu, akanipaka poda kwa kitambaa, paji, mashavu, mpaka juu ya mdomo, kisha mafuta kwenye midomo kwa kidole chake.

"Wasikuone hivi," alisema. "Wakikuona hivi watasema. Na wakisema, huyo Nyambura wangu atasikia humo ndani."

Halafu kwa mkono uleule, kabla haujakauka mafuta, alinimegea kiazi akanilisha. Nami nilimeza, nikamshukuru.

Waswahili walisema mficha uchi hazai. Tulidhani tunaficha ugonjwa.

Niliijua siri ya ugonjwa kurudi nikiwa barabarani, bila mtu kunifunza. Nilikuwa narudi kutoka hospitali, nimeshuka basi pale Ruiru, na rasharasha ya baridi ikanikuta njiani bila mwavuli. Nilikuwa nalia kidogo, sitaficha. Nikajifuta uso kwa kiganja. Kitu kikajiviringa chini ya vidole vyangu.

Nilitazama. Poda yangu ya zamani ikilowa ilikuwa inateleza na kufanya matope kama chaki. Hii ilishika. Nikaikusanya kwenye shavu, nikaisugua kati ya dole gumba na kidole cha shahada, ikawa punje ya kijivu. Nikaivuta. Ikavutika. Nikaiachia, ikarudi. Nimekanda chapati tangu nikiwa msichana, na mikono yangu iliijua kabla ya kichwa. Nilikuwa nimesimama karibu na ua wa mtu, nikajishikilia kwenye miiba bila kuhisi, na ulimi wangu ulikuwa tayari umelamba mdomo. Nilitema. Nikatema mpaka mate yakaisha.

Nilipofika nyumbani nilimwaga kopo zima kwenye sahani, nikatia maji, nikakanda. Sehemu ikawa matope. Sehemu ikawa donge. Maitu alinikuta hivyo akitoka kwenye maombi ya wanawake, Biblia kwapani.

"Maitu," nikasema, "hii ni nini?"

Akatazama sahani. "Si ni poda yako."

"Ni poda na nini?"

Hakuona hatari yoyote, ndiyo maana alijibu upesi. "Na unga wa ghala, kidogo. Nilichekecha na kitambaa cha hariri, ukakuwa laini kuliko hiyo yenyewe. Poda ni ghali, na unga unakaa tu. Kwani imekuchoma?"

"Daktari alikataza ngano."

"Alikataza kula." Alianza kuona uso wangu. "Alisema usile, Wanjiru. Mimi nimekulisha ngano? Hata sufuria si niliosha?"

"Na yale mafuta ya mdomo?"

Akaiweka Biblia mezani. "Bila unga hayashiki," akasema. "Mafuta ya kondoo yanayeyuka."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo mkaza mwana hamwambii mama mkwe, na sitayarudia hapa, kwa kuwa yeye angali hai na amekwisha nisamehe kuliko nilivyostahili. Nilimwambia amekuwa akimpaka mtoto sumu kupitia mdomo wangu. Alikuwa akiitazama mikono yake, kwanza juu, kisha viganja, kama tulivyozoea kutazamwa na watu miaka ile. Alimtaja Mungu tu, "Ngai," polepole, na akatoka nje. Nilimsikia akisugua mikono kwa mchanga karibu na pipa la maji mpaka Kamau alipokuja akamshika mikono, akamwambia inatosha.

Kesho yake tulirudi hospitali sote watatu. Daktari aliiinua punje yangu ya kijivu kwenye mwanga, masikio yakawa mekundu zaidi. Alisema kwenye ngozi haingii, mdomoni inaingia. Halafu akaniomba radhi kwa kutoniamini. Nesi Eunisi alilitafsiri hilo kwa shida kidogo, na mwisho akaongeza la kwake. "Hata mimi."

Sasa kwa wewe uliye na ugonjwa huu na bado unataka kuonekana mtu. Usione haya kutaka. Nilizunguka maduka ya Thika na kisahani na chupa ya maji kikapuni. Makopo hayakuandikwa kilichomo, yaliandikwa sifa. Mwenye duka mmoja, Mhindi mzee aliyetafuna tambuu, alinitazama nikikanda poda juu ya kaunta yake.

"Mama, hii ya uso. Hii hapana ya kula."

"Najua, mzee. Na mdomo wangu uko wapi, mgongoni?"

Alifikiri, akacheka, akanisogezea kopo jingine. Tulikanda yote aliyokuwa nayo. Moja lilivutika kidogo, na nilipomwonyesha aliacha kucheka, akaliweka chini ya kaunta. Nilinunua lile lililokuwa matope matupu. Lakini hata hilo sikulipeleka karibu na mdomo, maana kukanda hakuonyeshi kila kitu, na tunakula kwa mikono, sisi. Kinachokaa kiganjani kinafika tumboni. Nawa kabla ya kula hata kama hujashika udongo. Muulize anayekupa mafuta amechanganya nini, hata kama anakupenda. Hasa kama anakupenda.

Kwa midomo na mikono nilikwenda kwa mama yangu mzazi, aliyeishi kambi ya vibarua wa kahawa ng'ambo ya mto Chania. Alicheka aliposikia nataka mafuta ya mbarika, yale ya nyonyo, mimi mwalimu. Alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha, akaengua yale mafuta ya juu kwa kijiko, na hakuna kitu kilichoingia humo nisichokiona kwa macho. Yananuka, sitakudanganya. Midomo ilifunga.

Lakini kuileta chupa ya mafuta hayo nyumbani kwa Maitu kulinitia hofu. Kwake mbarika yalikuwa mafuta ya siku za giza, ya ngoma na udongo mwekundu. Alipobatizwa alikivunja kibuyu chake cha mafuta mbele ya kanisa, na mpaka leo wazee wanalisimulia. Niliweka chupa kwenye rafu. Maitu aliichukua Biblia yake, akaihamishia rafu ya juu, na chupa ikabaki.

Tangu siku ya kopo hakunigusa. Aliweka chakula mezani akarudi nyuma. Tumbo lilinitulia polepole, lakini mtoto alikuwa mdogo, na daktari aliponipima alikuwa anaandika tu. Nililala ubavu mmoja nikihesabu mapigo yake moyoni. Mvua fupi zikaanza. Kahawa ikaiva tena.

Uchungu ulinishika kabla ya wakati. Alitoka mdogo, rangi ya zambarau, hakulia. Nesi Eunisi alimgeuza, akampiga, akamgeuza tena. Nilisikia mvua kwenye mabati, na nikajua kwamba kama atakufa sitaweza kuishi nyumba moja na Maitu, wala sitaweza kumwacha. Halafu kikatoka kilio chembamba, cha hasira.

Maitu alifika siku ya pili na Kamau, wote wamelowa. Kamau aliingia moja kwa moja. Maitu alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa kifuani kwangu, Nyambura, jina lake, uzito wa kuku mchanga.

"Ingia, Maitu."

Hakuingia. Alinyoosha mikono yote miwili, viganja juu, kisha akavigeuza, kama mtoto wa darasa langu akikaguliwa kucha. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa, na iling'aa. Harufu ikanifikia kitandani kabla ya maneno yake. Ilikuwa mbarika.

"Ni ya mama yako," akasema. "Hakuna kitu kingine. Muulize, nilisimama hapo akipika."

Nilimpa mtoto.

Sasa Nyambura anatembea, na bado sijui kama tumbo lake ni langu au ni la baba yake. Daktari anasema tungoje. Asubuhi nikimwosha naanza na pembe za mdomo. Na kila Maitu anapotaka kumbeba, husimama kwanza mlangoni, hunionyesha viganja, juu na chini, bila mimi kumwomba. Nimemwambia aache. Nimemwambia yamekwisha. Anaendelea kunionyesha, nami nampenda, na bado naviangalia.